Neno Nililomnyima Mama Yako

Toihiri mwanangu,

Shangazi yako Mariata amekwisha kukufungia sanduku, na najua humo ndani mna kila kitu mpaka sindano na uzi. Namna ya kuingia ukweni, nani wa kumbusu mkono kwanza, kanzu ipi ya siku ya nikaha na ipi ya siku ya pili, hayo umefundishwa wiki nzima na watu wanaoyajua kuliko mimi. Sitayarudia. Nimekaa hapa karakana, sala ya alasiri imepita, nimeurudisha mlango nusu ili wateja wadhani sipo, nikuandikie lile ambalo hakuna aliyekufundisha.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyojifunzia kuandika, kule Dar es Salaam nilikopata ufundi, na ndiyo lugha niliyokufundishia kazi. Nyumbani Moroni tuliongea Kingazija cha mama yako na Kianzuani changu, lakini tulipoinama pamoja nyuma ya friji la mtu, wewe umeshika tochi na mimi bisibisi, tulikuwa Waswahili. Yako mambo ambayo mdomo wangu unayaweza kwa lugha ya kazini tu.

Mwezi uliopita tulipotoka hospitali ya Hombo kumwangalia mgonjwa wetu, tuliposhuka kwenye teksi, uliniuliza, "Baba, ni siasa ndiyo iliyokutenganisha na mama?" Nikakujibu kwamba siasa ilituchosha sote, halafu nikakuuliza habari za tiketi ya ndege. Hukuuliza tena. Una adabu, na mimi nikajificha nyuma ya adabu yako.

Najua unalolisikia hapa Mutsamudu, huku kwetu Anzuani. Wanasema visiwa vilipogombana, yule mwanamke wa Kingazija akamtoa nje mumewe Mwanzuani. Huko Moroni wapo wanaosema mimi ndiye niliyemkimbia, nikafuata bendera ya kwetu. Hadithi zote mbili zinawapendeza wanaozisimulia. Ya kwanza ilinipendeza hata mimi, maana inanifanya mtu aliyeonewa na dunia. Lakini kesho unapanda ndege Ouani kwenda kuoa Vouvouni, kule Ngazija, mtoto wa Mwanzuani anaoa binti wa Kingazija wakati mambo ya visiwa hivi bado hayajakaa sawa, na sitaki uende na hadithi hiyo mfukoni. Utakuja kumtazama mkeo kwa jicho la kungoja siku atakayokumbuka kisiwa chake.

Siasa haikututenganisha mimi na mama yako. Siasa ilituchelewesha. Ngoja nianze mbali kidogo.

Kwetu, Ngazija na Anzuani, mwanamume ndiye anayehama. Mzazi humjengea binti yake nyumba, na mume huingia na sanduku lake. Mimi niliingia nyumba ya Zahara, mama yako, nikiwa na sanduku moja na boksi la vifaa. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam, nimeajiriwa kutengeneza mashine za barafu za wauza samaki wa Moroni, na bibi yako, mama yake Zahara, alikuwa na friza lililokataa kugandisha. Nilikwenda kwake mara nne kwa kazi iliyohitaji mara moja. Bibi yako hakuwa mjinga. Mara ya nne aliniuliza nina ndugu gani wa kumtuma aje kuzungumza.

Tulianza vizuri. Nataka ulijue hilo, maana mtoto wa waliotengana anaweza kudhani alizaliwa katikati ya ugomvi. Ulizaliwa katika nyumba yenye furaha. Mama yako alikuwa akiniimbia nikinyoa ndevu, akikosea maneno ya wimbo kwa makusudi ili nicheke nijikate. Nilijikata mara nyingi.

Sasa, ukiniuliza mambo yaliharibika lini, sina siku ya kukuonyesha. Mimi sikumpiga mama yako, sikumlaza na njaa, sikuwa na mwanamke mwingine. Kwa miaka mingi hayo matatu nilikuwa nikiyahesabu kama sifa. Nilirudi kila jioni, nikaoga, nikala, nikakaa na redio. Yeye alikuwa akinisimulia mambo ya siku: jirani kasema nini, anafikiria kuanza biashara ya vitambaa, wewe umefanya nini shuleni. Mimi nikijibu "hm." Si kwa dharau. Nilikuwa nimechoka, na niliona sauti yake ni kitu kizuri kilichopo nyumbani, kama feni. Sikujua kwamba anayezungumza anangoja kitu.

Polepole akapunguza kusimulia. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani tumefika umri wa utulivu.

Bibi yako alipofariki, matanga yalifanyika pale pale nyumbani. Siku ya tatu akaja mtu kuniambia friza la samaki sokoni limezima na mali yote itaoza. Nikachukua boksi langu. Zahara alinifuata mpaka kizingitini, macho yamevimba, akaniambia, "Leo usiende." Nikamjibu kwamba ni saa moja tu, nyumba imejaa watu, hakuna atakayeona kwamba sipo. Nikaenda. Kazi ikanichukua mpaka magharibi. Niliporudi hakunilaumu. Aliniwekea chakula. Miaka ikapita kabla sijajua kwamba siku ile kuna kitu alikiweka chini na hakukiokota tena.

Mwaka mmoja hivi kabla Anzuani haijajitangaza kujitenga, aliniita chumbani mchana, wewe uko shule, akaniomba nimwache. Alisema kwa upole, kama mtu aliyelirudia jambo peke yake mara nyingi mpaka ukali ukaisha. Nikamuuliza nimemkosea nini. Akafikiri, akasema, "Baba Toihiri, mimi nimeshaacha kukungoja urudi. Na wewe unarudi kila siku."

Sikumwelewa. Nilimwambia amechoka, aende akapumzike kwa dada yake wiki mbili. Akaenda, akarudi, akaomba tena. Nikasema hapana. Nilisema hapana kwa mapenzi, mwanangu, na hilo ndilo lililonidanganya kwa muda mrefu: nilidhani hapana inayosemwa kwa mapenzi haiwezi kuwa uonevu.

Kisha mambo ya visiwa yakalipuka. Wewe ulikuwa mkubwa wa kutosha kuyakumbuka: redio mchana kutwa, watu wakipimana kwa lafudhi dukani, rafiki zangu wa Kianzuani wakiondoka mmoja mmoja kupitia bandarini. Katika siku hizo Zahara hakulitaja tena ombi lake. Alinipikia, alinifulia, alinionya nisipite mitaa fulani. Mimi nikaona heri. Nikajiambia kwamba taabu imemrudisha kwangu.

Halafu ikaja ile asubuhi vijana walipopita mtaani kwetu wakitafuta Waanzuani. Wewe mama yako alikufungia chumba cha nyuma, kwa hiyo hukuyaona haya. Niliwasikia wakitaja jina langu, na mmoja wao nilikuwa nimemtengenezea mama yake friji. Zahara alitoka akasimama mlangoni, kanga begani, kaka yake Ahamada pembeni yake. Hakupiga kelele. Aliwaambia, "Nyumba hii ni yangu, nimejengewa na mama yangu, na aliyemo ni mume wangu. Anayetaka kuingia aniambie kwanza jina la mama yake." Wakatazamana. Aliwajua mama zao wote. Wakaenda zao.

Niliposikia hatua zao zikiondoka, nililia. Nilidhani nimepewa mke wangu upya. Miezi iliyofuata nilikuwa mume mwema kuliko wakati wowote: nilimletea zawadi, nilikaa naye barazani, nikajaribu hata kusimulia, nikashindwa, nikajaribu tena. Nilikuwa na hakika kabisa. Mwanamke hasimami mbele ya kundi la vijana wenye marungu kwa ajili ya mtu asiyemtaka.

Mji ulipotulia kiasi, watu wakaanza tena kusalimiana, akaniita chumbani mchana. Akaomba kitu kile kile.

Nilikasirika kama sijawahi kukasirika. Nikamwambia, "Si ulisimama mlangoni? Mbele ya watu wote ulisema mimi ni mume wako."

Akanijibu, na maneno haya nakuandikia yote kama alivyoyasema, kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha, ingawa yalichukua muda kuingia: "Nilisimama kwa sababu hukustahili kupigwa. Ningekuacha siku zile ungeenda wapi? Nimekungojea upate salama. Sasa uko salama. Niache."

Umeelewa, Toihiri? Alikuwa amekwisha kuondoka moyoni mwaka mzima kabla ya siasa. Siasa ilipokuja, alirudi kunishikia mlango, akanilinda kwa cheo cha ndoa ambayo yeye mwenyewe haitaki tena. Watu wanasema visiwa vilimfanya anitupe. Visiwa vilimfanya akae nami miaka miwili zaidi kuliko alivyotaka.

Nami nililipa wema huo kwa kumkatalia tena.

Hapa ndipo unapojua baadhi ya mambo, kwa sababu ulikuwa na masikio. Nilimwendea mjomba wako Ahamada, naye akawa upande wangu. Alinipenda, na alichukia fedheha. Wazee wa ukoo wakakaa. Wakamwambia Zahara awe na subira, amfikirie mtoto, mume hana makosa. Alikaa, mikono mapajani, akawasikiliza wote mpaka mwisho, akasema asante, na kesho yake akaenda kwa kadhi.

Kadhi alimuuliza kama ninampiga. Akasema hapana. Kama ninamnyima chakula na nguo. Akasema hapana. Angeweza kusema uongo mdogo tu na mambo yangekwisha siku ile. Wanawake wengine wamelazimika kufanya hivyo, na sina neno nao. Yeye alisema, "Ni mtu mwema. Simtaki. Kama ni mahari, namrudishia." Kadhi akanigeukia. Nikasema mahari siyataki, namtaka yeye. Nilijiona shujaa, mtu anayepigania nyumba yake. Kadhi alitupa muda tufikirie, akatupa mawaidha, tukarudi nyumbani pamoja kwa miguu, mimi mbele yeye nyuma.

Nikawa na sababu kila siku. Ndege haziendi Anzuani, nitakwenda wapi. Meli si za kutegemea. Mtoto ana mitihani. Waanzuani bado wanatazamwa vibaya, mwanamume asiye na nyumba ya mke Moroni ni nani? Kila moja ya sababu hizo ilikuwa kweli. Nilizitumia kama mtu anavyorundika mawe mlangoni kwa ndani.

Siku moja nilirudi mapema kuliko kawaida. Nilimsikia jikoni na jirani yetu, wanacheka. Sikuwa nimeisikia sauti ile miaka. Nilisimama uani nikaisikiliza, nikajisemea kumbe bado ipo. Nikaingia nikitaka kuikuta. Jirani akanisalimia, akashika kikapu chake akaaga. Na Zahara, mwanangu, hakununa, hakugeuza uso. Aliacha tu kucheka, akanyoosha kanga yake, akaniuliza kama nataka kula. Ilikuwa kama kumwona mtu anaondoka jikoni huku miguu yake ipo pale pale.

Bado sikukubali. Ukaidi wa mtu anayependa ni mgumu. Kilichonimaliza kilikuja juma lile lile, nacho kilitoka kwako. Ulikuwa na miaka kumi na tisa au ishirini, sikumbuki sawasawa. Ulimwambia mama yako mbele yangu, "Mama, kwa nini unamtesa baba?" Kwa nukta moja nilifurahi. Nimepata shahidi. Kisha nikamtazama. Alikuwa ameshika sahani, akaiweka chini polepole sana, akatoka uani, na hakujitetea. Angeweza kukuambia mengi. Angeweza kukuambia juu ya siku ya tatu ya matanga ya mama yake. Alikulinda usiwe na baba mbaya, kama alivyonilinda mimi na wale vijana. Na mimi nilikuwa nimemruhusu mtoto wetu aichukue sauti yangu aitumie dhidi yake.

Sikukulaumu na sikulaumu sasa. Ulisema ulichokiona. Lakini jioni ile sikufungua redio.

Ijumaa iliyofuata, asubuhi, nilimwomba Ahamada aje, na jirani mmoja, mzee wa msikitini, awe shahidi wa pili. Tulikaa chumba cha mbele. Zahara alidhani nimemwitia kikao kingine cha mawaidha. Alikaa na uso ule ule wa kusikiliza. Nikamwambia nimekuja kumpa alichoomba.

Hapo nikagundua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja katika miezi yote ile. Katika watu wote waliokuwa chumbani, asiyetaka ndoa ile ife nilikuwa mimi, na maneno ya kuimaliza yalikuwa hayawezi kutoka katika kinywa kingine isipokuwa changu. Nilifungua mdomo, sauti haikuja. Nikajaribu tena, kikaja kikohozi. Ahamada akatazama sakafu. Zahara akainuka, akaenda akaniletea maji. Nikanywa. Nikamrudishia glasi, na glasi ikiwa bado mkononi mwake nikamwambia, "Zahara, nimekuacha talaka moja."

Nilidhani atafurahi. Alilia kama siku ya msiba, glasi mkononi. Sikujua mpaka siku ile kwamba mtu anaweza kuomba kitu miaka mitatu, akipewa akakililia, na bado akawa alikitaka kweli.

Niliondoka nyumbani siku ile ile na sanduku na boksi langu, kama nilivyoingia. Rafiki yangu wa kazi, fundi wa injini za boti kule Vouvouni, alinipokea. Ninaposema alinipokea uelewe: Mngazija, katika siku zile, kumweka Mwanzuani nyumbani kwa mkewe. Mkewe aliniambia maneno machache tu, kwamba chumba cha uani hakina dirisha zuri na nisimwamini jogoo wao.

Miezi ile mitatu ya eda ndiyo iliyonijaribu. Unajua sheria: ndani ya muda huo ningeweza kusema nimemrejea, na ningekuwa mumewe tena, atake asitake. Ahamada alikuja Vouvouni kunikumbusha hilo, kwa nia njema kabisa. "Shemeji, mlango bado uko wazi," alisema. Nilimwambia najua. Kila siku nilikuwa ninajua. Nilikuwa nikienda kazini na neno lile mdomoni, nikirudi nalo. Siku nyingine nilikaa ufukweni pale Vouvouni nikajaribu kulisema kwa sauti, nione lina ladha gani. Lilikuwa tamu. Ndipo nikaogopa, maana niliona kwamba nikilisema nitampata mtu aliyekwisha kuondoka, nami nitakuwa tena na mwili unaoniuliza kama nataka kula.

Nikaacha eda ipite. Katika maisha yangu hakuna kazi niliyoifanya iliyokuwa ngumu kama ile ya kutofanya kitu.

Wewe ulikuwa ukija kila Ijumaa kunitazama. Nilishukuru sana, nikawaambia watu nina mtoto wa pekee. Baadaye ukaanza kuja Jumanne pia, na Jumamosi, na ulikuwa ukiulizia kama kuna friji la kutengeneza nyumba ya tatu kutoka msikitini, ambayo haikuwa na friji. Wakati huo sikumjua huyu Fauzia unayekwenda kumuoa, hata kwa sura. Sasa ninapomtazama katika ile picha yenu, mara nyingine nawaza kwamba kama ningemrejea mama yako kwa nguvu ya sheria, nisingekaa Vouvouni, nawe usingepita njia ile. Sikwambii kwamba ndiyo maana yake. Sijui maana ya mambo. Nakwambia ndivyo ilivyotokea.

Nilipovuka kuja huku Mutsamudu, kwa dada yangu, nilikuwa nimeishiwa. Kisiwa kilikuwa kimefungiwa njia, hakuna gesi ya mafriji, hakuna vipuri, umeme unakuja unapotaka. Fundi wa mafriji asiye na umeme. Nilikaa kwa Mariata nikala kimya, mpaka siku moja akaniwekea mkono juu ya sahani akasema, "Kaka, hapa kwangu anayekula anauliza jambo moja. Na akishauliza anangoja ajibiwe." Nilimuuliza, kwa kumridhisha tu, jinsi alivyoamka. Akanijibu kwa nusu saa. Nilishangaa. Huyu ni dada yangu wa tumbo moja na sikujua hata nusu ya aliyonieleza.

Kwa hiyo nilijifunza kuuliza nikiwa na mvi, kwa dada yangu, katika kisiwa kisicho na umeme. Wewe ulipokuja kuungana nami mwaka ule, ulidhani baba yako amebadilishwa na huzuni, anauliza maswali kama polisi. Ulivumilia. Ukaanza kujibu. Miaka hii miwili katika karakana hii imekuwa mizuri kuliko mingi niliyoishi, nami naiachia kesho iende nawe bila kinyongo.

Sina orodha ya kukupa. Nitakwambia tu ninalolitamani. Siku Fauzia atakaposimulia habari za jirani, na wewe umechoka, muulize ikawaje baadaye. Siku atakapokwambia usiende, kaa, hata kama samaki wa mji mzima wanaoza. Na ikitokea, Mungu aepushe, siku moja anakuomba kitu ambacho moyo wako hauwezi kumpa, usikimbilie kutafuta wazee wa kukusaidia kukataa. Kaa naye. Muulize. Pengine si talaka anayoomba, pengine anakuomba wewe mwenyewe, na bado kuna wakati. Mimi aliniomba mimi miaka mingi kabla hajaniomba talaka, na sikusikia hata mara moja.

Sasa nikupe habari ambayo sijakuambia, maana nilitaka uisome humu.

Juzi mama yako alinipigia simu dukani kwa jirani. Mazungumzo yetu, tangu nilipoondoka, yamekuwa mafupi, habari zako tu. Safari hii alikuwa na shughuli za harusi yako, nani atalala wapi, nani atampokea nani. Alipomaliza nikamuuliza biashara yake ya vitambaa inakwendaje. Akanieleza. Alinieleza safari zake za Dubai, mteja aliyemsumbua, goti linalomuuma akipanda ngazi. Nami nikawa nauliza, naye anajibu, mpaka mwenye simu akaanza kunitazama.

Mwishoni akaniambia nitakaa mstari wa mbele siku ya nikaha, kati ya Ahamada na mjomba wa Fauzia, na kwamba amekwisha kuwaambia wote hivyo, aliyekubali na asiyekubali. Nikamwambia, "Zahara, wapo watakaouliza huyu Mwanzuani ni nani kwako siku hizi. Utawajibu nini?"

Hakufikiri sana. Alisema, "Nitawaambia ni baba wa mwanangu, na ni mtu niliyemwomba jambo gumu akanipa. Wakitaka zaidi ya hapo, wakae wale."

Nimeyabeba maneno hayo siku tatu, nikifanya kazi nayo, nikiswali nayo. Sikumpata tena mke wangu, na sitampata. Lakini nilipoweka simu chini nilitembea mpaka nyumbani nikiwa mwepesi, mpaka Mariata akaniuliza nani kanipa nini.

Nenda, mwanangu, na usiogope nyumba ya watu. Fauzia anakufungulia kwa kupenda kwake, na kila siku utakayomkuta bado anapenda, ujue umepewa upya. Mimi nafika Alhamisi, Mungu akipenda na ndege ikiruka. Mama yako amesema atakuja mwenyewe uwanjani kunipokea, nami nimemwambia nitafurahi.

Akupendaye, akiwa na kiti chake mstari wa mbele,

Baba yako